Sura Iliyopunguzwa: Che, Obama na Kilichoachwa Nje ya Picha

Katika uhakiki wetu wa fasihi tumezoea kulitumia neno "bapa" kama lawama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishajifunza kuwatenga wahusika bapa na wahusika duara, mgawo tulioupokea kutoka kwa E. M. Forster aliyeutoa mwaka 1927, huanza mara moja kuwahukumu wa kwanza na kuwatukuza wa pili, kana kwamba msanii aliyempa mhusika wake sifa mbili au tatu alishindwa na kazi au aliishiwa na wino. Makala haya yanakusudia kulitazama upya suala hilo kwa kupitia mlango ambao kwa kawaida hatuupiti, yaani mlango wa uchoraji. Tutazungumzia picha za sura ya mtu zilizochorwa kwa maumbo machache na rangi chache, na hasa mbili ambazo msomaji wa Kenya hakulazimika kuzitafuta, kwa kuwa zenyewe zilimfuata hadi kwenye kituo cha matatu. Ya kwanza ni sura ya Ernesto Che Guevara kwa rangi nyekundu na nyeusi, iliyotengenezwa na Jim Fitzpatrick wa Ayalandi mwaka 1968. Ya pili ni bango la Barack Obama lililotengenezwa na Shepard Fairey wa Marekani mwaka 2008. Hoja yetu ni kwamba upunguzaji wa rangi na maumbo, ambao ndio unaoonekana na kusifiwa, si upunguzaji mkubwa kuliko wote katika picha hizi. Kuna kingine kilichopunguzwa kabla mchoraji hajaigusa kazi yake, na hicho ndicho tunachodai kihakikiwe.

Huenda msomaji akauliza idara ya fasihi ina haki gani ya kujitia katika mambo ya mabango. Jibu letu ni fupi. Neno "usawiri", ambalo hatuwezi kuandika aya mbili za uhakiki wa riwaya bila kulitumia, tulilikopa kwa wachoraji. Kusawiri ni kuchora. Ikiwa tumeazima chombo cha jirani kwa miaka yote hii, si vibaya kwenda siku moja kuona kinavyotumiwa kwake.

Mwandishi wa makala haya alifanya hivyo miaka kadhaa iliyopita, alipokaa karibu kutwa nzima kando ya barabara akimtazama fundi wa mabango akichora sura ya mwanamume kwenye ukuta wa kibanda cha kinyozi. Fundi alikuwa na mikebe mitatu ya rangi ya mafuta: nyeusi, nyeupe na ya kahawia. Kijana aliyekubali kuwa kielelezo aliambiwa asimame mlangoni ili mwanga umpige upande mmoja tu wa uso. Kisha fundi akafanya jambo ambalo mwanzoni tulidhani ni la mtu aliyeingiwa na vumbi: aliyafinya macho yake hadi yakabaki kama nyufa, akamtazama kijana kwa muda mrefu. Tulipomwuliza, alieleza kwamba macho yakiwa wazi huona mengi mno, chunusi, vinyweleo, kovu la utotoni. Yakifinywa huona mahali penye giza na mahali penye nuru, basi. Akaujaza ukuta umbo moja la kahawia lililokuwa kichwa na shingo kwa pamoja. Lilipokauka, akaweka meusi: nywele, kivuli kilichoanzia chini ya unyusi, kikashuka ubavuni mwa pua, kikaungana na kivuli cha shavu, kikatokomea kidevuni. Mwisho akaweka meupe mahali panne au patano, kwa brashi ndogo, kwa haraka ya mtu anayeogopa kuzidisha. Tulingoja aichore pua. Hakuichora.

"Mwalimu," alituambia bila kugeuka, "pua haichorwi. Weka kivuli chake, watu wataijaza wenyewe."

Kauli hiyo ina nadharia nzima ndani yake. Kwanza, inatufundisha kwamba maumbo anayoyatumia mchoraji wa namna hii si viungo vya uso. Kivuli kile kilichoanzia unyusi na kuishia kidevuni hakina jina katika lugha yoyote. Si jicho, si pua, si shavu, bali ni sehemu ya vyote vitatu. Anayeanza kujifunza kazi hii huchora jicho, halafu pua, halafu mdomo, kama anayehesabu mali, na sura anayoipata huwa ya mtu asiyekuwapo. Fundi huchora mwanga ulivyouangukia uso wa mtu mmoja, saa moja, mlango mmoja. Pili, inatuonyesha kwamba upungufu wa picha ni nafasi ya mtazamaji. Pua tuliyoijaza sisi tuliiamini kuliko pua ambayo tungechorewa, kwa sababu tulishiriki kuiumba.

Kazi ikihamia kwenye stensili, yaani karatasi ngumu iliyokatwa matundu ili rangi ipite, masharti huwa makali zaidi. Ukikata mduara mzima kulizunguka jicho, jicho lenyewe huanguka chini pamoja na kipande ulichokikata. Hakuna umbo linaloweza kusimama peke yake kama kisiwa. Lazima liunganishwe na jingine kwa daraja la karatasi, na daraja hilo litaonekana katika picha iliyokamilika. Mkataji hodari huliweka daraja mahali ambapo uso ungepata mwanga hata hivyo, hivyo kwamba sharti la karatasi linageuka kuwa ukweli wa uso. Wale walioshiriki mabishano marefu ya mashairi ya kimapokeo na mashairi huru watatambua mara moja tunalolisema. Kina kinachomlazimisha mshairi kutafuta neno ambalo hakulikusudia, naye akagundua kwamba ndilo alilolihitaji, ni daraja la namna hiyo hiyo. (Tunakiri kwamba wapo pia washairi ambao madaraja yao huonekana kutoka mbali, na wakataji stensili vilevile.)

Kwa hivyo ubapa si umaskini. Hilo tunadhani halihitaji kutetewa zaidi. Tatizo huanzia pale tunapokuwa tumeshalikubali, tukaacha kuuliza chochote zaidi, tukasema tu kwamba picha "ina nguvu" kwa sababu "ni sahili".

Tuitazame sasa picha ya Che. Chimbuko lake ni picha ya kamera iliyopigwa na Alberto Korda mjini Havana tarehe 5 Machi 1960. Siku iliyotangulia, meli ya Kifaransa iliyoitwa La Coubre, iliyokuwa imebeba silaha na risasi, ililipuka katika bandari ya mji huo na kuua makumi ya watu. Korda alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa maombolezo kwa niaba ya gazeti la Revolución. Guevara alijitokeza ukingoni mwa jukwaa kwa muda mfupi, akautazama umati, akarudi nyuma. Katika picha kamili, upande mmoja kuna sura ya mtu mwingine aliyetazama kando, na upande wa pili kuna majani ya mtende. Gazeti halikuitumia picha hiyo. Korda aliipogoa, akawaondoa yule mtu na ule mtende, akaitundika kwenye ukuta wa studio yake, ikakaa hapo kwa miaka. Mwaka 1967 mchapishaji wa Italia, Giangiacomo Feltrinelli, alipewa nakala zake. Guevara alipouawa nchini Bolivia mwezi Oktoba mwaka huo, mabango yakaanza kuchapishwa. Fitzpatrick akaja mwaka uliofuata na kuipunguza kwa mara ya mwisho: nyeusi kwa nywele, ndevu na vivuli, nyekundu kwa mandhari, nyota ya kofia kwa manjano. Ngozi haikupewa rangi yake yenyewe. Uso wa Che ni pale ambapo nyeusi haikufika.

Kama kazi ya mikono, picha hiyo ni ya kustaajabisha. Imestahimili kunakiliwa na mafundi wazuri na wabaya kwenye fulana, kuta, mikoba na viuno vya matatu, nayo bado hutambulika hata pale anayenakili hajui ananakili sura ya nani. Ni picha chache sana za sura ya mtu zinazoweza kudhulumiwa kiasi hicho zikabaki hai. Lakini mhakiki anapaswa kuuliza yale macho yanatazama nini. Jibu la kawaida, ambalo tumelisikia hata katika semina, ni kwamba yanatazama mbele, yaani mapinduzi, kesho, ukombozi. Kihistoria jibu hilo si sahihi. Macho yale yaliutazama umati wa waombolezaji siku moja baada ya mlipuko. Uso ule ulikuwa wa mtu aliye msibani, mwenye huzuni na hasira. Fitzpatrick hakubadili maana ya uso kwa kuutia rangi nyekundu. Maana ilikuwa imeshabadilika pale msiba ulipoondolewa kandoni mwake. Mtazamo usio na kitu cha kutazama haukosi kupewa kitu, na kitu hicho aghalabu huitwa kesho.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Mwezi Aprili 1965 Guevara alipita Dar es Salaam akiwa amenyoa ndevu na kujigeuza asitambulike, akavuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma, akaingia mashariki mwa Kongo kuwasaidia wapiganaji. Huko hakuitwa Che. Wakuba wa kwanza kufika walijipa majina kwa kuhesabu kwa Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Guevara, ili asionekane kuwa kiongozi, akawa Tatu. Kijana Mkongo, Freddy Ilanga, aliwekwa naye ili awe mkalimani wake na kumfundisha Kiswahili. Tatu alikuwa daktari, aliugua pumu na kuhara, aligombana na makamanda ambao hawakufika vitani, na mwezi Novemba mwaka huo huo alivuka ziwa kurudi Kigoma akiwa ameshindwa. Kumbukumbu alizoziandika baadaye akiwa katika ubalozi wa Kuba jijini Dar es Salaam hazikuficha kwamba zilisimulia kushindwa. Tatu huyo hana bango. Hatusemi kwamba Fitzpatrick alipaswa kulichora. Hakuwa na haja, na huenda hakuwa na habari. Tunasema tu kwamba matatu inayopita Nairobi na uso wa Che nyuma yake imembeba mtu ambaye katika lugha ya abiria wake aliwahi kuwa na jina jingine na hali nyingine, na hakuna rangi hata moja ya picha ile inayotupeleka huko.

Bango la Obama ni tata zaidi, na kwa maoni yetu ni bora zaidi kama uchoraji. Fairey alitumia rangi nne: buluu iliyokolea, buluu hafifu, nyekundu na rangi ya malai. Bila shaka ni bendera ya Marekani, isipokuwa kwamba nyeupe ya bendera imefifishwa ikawa malai, kama karatasi iliyokaa juani. Mabango ya namna hiyo yanajulikana tangu zama za mapinduzi ya Urusi, na Fairey hakuwahi kuficha mapenzi yake kwa sanaa ya propaganda. Tukiyafinya macho kama fundi wetu tunagundua kwamba uso umegawanywa katika matabaka ya mwanga kama mlima kwenye ramani: buluu iliyokolea ni mabonde, nyekundu ni miteremko, malai ni vilele. Hakuna mstari unaouzunguka uso. Kingo zote ni mahali ambapo tabaka moja linakoma na jingine kuanza.

Hakuna kahawia. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtazamaji Mwafrika analiona, au angepaswa kuliona, na lilitugawa sana wakati ule. Wapo waliosema kwamba Fairey alimwosha mtu mweusi ili Wazungu wampigie kura bila kutishika. Hatukubaliani nao. Fundi wa kinyozi, aliyekuwa na mkebe wa kahawia, aliutumia kwa kila mteja, mweusi sana na maji ya kunde kwa kipimo kimoja. Kahawia yake haikusema lolote juu ya mtu yeyote. Fairey aliutoa weusi katika rangi akauhamishia katika umbo: upana wa pua, mdomo, nywele zilizokatwa chini, sikio. Mtazamaji analazimika kuutambua mwenyewe, kama alivyoijaza pua. Na kwa kuwa anaujaza yeye, hawezi kusema kwamba ameonyeshwa. Huu ni ustadi mkubwa, na ni ustadi wa kisiasa pia, kwa sababu mtu aliye buluu upande mmoja na mwekundu upande mwingine, katika nchi ambayo rangi hizo mbili ni majina ya vyama viwili, ni mtu anayedai kuwa wa wote kabla hajafungua kinywa.

Chini ya sura hiyo kuna neno moja. Nakala za mwanzo za bango, mwezi Januari 2008, zilikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya maendeleo. Kisha, kwa matakwa ya kampeni, likawekwa lenye maana ya matumaini, na hilo ndilo lililozunguka dunia. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini ni upunguzaji mwingine. Maendeleo ni neno la njiani: linamfanya msomaji aulize kutoka wapi kwenda wapi, kwa gharama ya nani. Matumaini hayaulizwi hivyo. Mtu huyatia ndani yake chochote alicho nacho, kodi ya nyumba, vita vya Iraki, au mjukuu wa Kogelo aliyefika Ikulu ya mbali.

Na sisi tuliyatia ya kwetu. Serikali ya Kenya iliitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa siku ya mapumziko. Kukatolewa kanga zenye picha yake na maneno "Hongera Barack Obama". Inafaa kuzilinganisha kazi hizi mbili, kwa kuwa kwa muundo ni ndugu: picha katikati, maneno chini, zote zimekusudiwa kubebwa na watu wengi. Tofauti iko katika maneno. Jina la kanga lina msemaji na mwambiwa. Anayeivaa anampongeza mtu fulani, kwa jambo fulani lililokwisha kutokea, na wanaompita njiani wanajua nani anasema na nani. Neno la bango halina msemaji. Ndiyo sababu liliweza kutumiwa na kila mtu, na ndiyo sababu mwaka ulipokwisha na Guantánamo haijafungwa hakuna aliyeweza kuliuliza bango lilikuwa limeahidi nini.

Lakini tulisema kwamba upunguzaji mkubwa hutangulia rangi. Bango hilo lilichorwa kutokana na picha ya kamera iliyopigwa na Mannie Garcia, aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la habari la Associated Press, tarehe 27 Aprili 2006, mjini Washington. Obama, wakati huo seneta, alikuwa ameketi kwenye mkutano wa waandishi wa habari pamoja na mwigizaji George Clooney, aliyekuwa ametoka safari ya kuwaona waathiriwa wa vita vya Darfur. Mkutano huo uliitishwa kwa ajili ya Darfur. Mtazamo ule wa juu na mbali, ambao bango limeufanya kuwa mtazamo wa mtu anayeiona kesho ya taifa lake, ulikuwa wa mtu aliyeketi mahali ambapo mauaji ya Waafrika yalikuwa yakizungumzwa.

Hapa ndipo picha zetu mbili zinapokutana, na hatudhani kwamba ni bahati tupu. Zote mbili zilizaliwa karibu na wafu. Katika moja wafu ni wa bandari ya Havana, katika nyingine ni wa Darfur, ambao Umoja wa Mataifa, katika mwaka huo huo wa bango, 2008, uliwakadiria kuwa watu wapatao 300,000. Katika zote mbili uso uliobeba uzito wa jambo hilo ulipogolewa kutoka kwenye jambo lenyewe, na uzito ukabaki usoni kama sifa ya mtu: uthabiti, upeo, ushujaa. Wafu ndio walioutia uso ule kina ambacho kila mtu anakisifu, nao hawamo. Mchoraji anayeyafinya macho huacha chunusi na vinyweleo, na tunamshukuru. Huyu aliyepogoa ameuacha mlango aliokuwa amesimama kijana.

Je, upunguzaji lazima ufanye hivyo? Tunadhani sivyo, na ushahidi tunao nyumbani. Fumo Liyongo, kama alivyosawiriwa katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ni mhusika bapa kwa kipimo chochote cha darasani. Ana kimo, nguvu, upinde, ulimi wa mshairi, na mwili usiodhurika isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Hizo ni rangi tano, na hazichanganywi. Hatuambiwi anavyojitilia shaka usiku. Hata hivyo picha yake kuu, ambayo kila aliyeusikia utendi huibeba hadi uzeeni, ni ile ya mwisho: amekwisha kuchomwa na mwanawe, amekwenda kisimani, amepiga goti, ameuvuta upinde. Watu wa mji wanaliona umbo hilo kwa mbali na hawathubutu kuchota maji. Wanadhani yu hai. Mama yake analetwa kumbembeleza, naye hajibu.

Tunaomba msomaji ailinganishe picha hiyo na mabango yetu. Nayo ni umbo tupu, kivuli kinachotambulika kutoka mbali. Nayo inawafanya watazamaji waijaze wenyewe, na wanaijaza kwa hofu yao. Lakini mtunzi hakukikata kisima. Hakuikata kiu ya mji, wala mwana aliyemuua babaye kwa ahadi ya wakubwa, wala mama anayesimama mbele ya maiti asiyoijua kuwa maiti. Umbo la Liyongo limepunguzwa hadi mstari mmoja wa goti na upinde, ilhali tukio limeachwa zima kulizunguka. Na zaidi ya hayo, utendi wenyewe unatuonyesha kosa la watazamaji: walilisoma umbo kama uhai, lilikuwa mauti. Sijui bango linaloweza kufanya hivyo kwa rangi nne, lakini sioni sababu ya kisanaa inayolikataza.

Tutaambiwa kwamba tunaidai sanaa moja kodi ya nyingine. Bango hupitwa na mtu anayewahi gari; utendi husikilizwa usiku kucha. Ni kweli, na hatudai kwamba Fairey angeandika historia ya Darfur chini ya tai ya Obama. Ila tunaona kwamba pingamizi hilo lina hatari yake, kwa kuwa linaifanya kasi ya mtazamaji kuwa udhuru wa kila kitu. Fundi wa kinyozi naye alichora kwa ajili ya wapita njia, na ukutani mwake, nyuma ya bega la kijana, aliacha wima wa mlango kwa mstari mmoja mweusi. Tulipoushangaa alisema kwamba bila ule mstari mtu hatajua mwanga ulitoka wapi. Ulikuwa mstari mmoja tu, uliomgharimu rangi isiyojaza kifuniko cha chupa.

Korda hakupata malipo ya mabango ya picha yake. Mwaka 2000 alikwenda mahakamani mjini London kupinga picha hiyo kutumiwa kutangaza pombe ya Smirnoff, akalipwa dola 50,000, akazitoa kwa ajili ya matibabu nchini Kuba. Kesi ya Fairey ilikuwa ndefu zaidi na inaeleweka vibaya. Upunguzaji wake ulikuwa kamili hivi kwamba chimbuko la bango halikutambulika hadi Januari 2009, mwaka mzima baada ya kutolewa. Shirika la Associated Press lilipodai haki yake, Fairey alitangulia mahakamani mwezi Februari, akisema kwamba alikuwa ametumia picha nyingine ya mkutano ule ule, ile inayowaonyesha Obama na Clooney pamoja, na kwamba ni yeye aliyemtenga Obama. Oktoba mwaka huo alikiri kwamba haikuwa kweli: alitumia picha ya Obama peke yake, kisha akaharibu na kughushi ushahidi ili kulificha hilo. Pande hizo mbili zilipatana Januari 2011. Mwaka 2012 Fairey alikiri kosa la jinai la kuidharau mahakama, akapewa miaka miwili chini ya uangalizi, saa 300 za huduma kwa jamii na faini ya dola 25,000.

Kwa mhakiki jambo la kuzingatia ni kile kilichobishaniwa. Kwa miezi minane wanasheria walishindania upogoaji: picha ilikatwa kutoka wapi, na nani aliyekata. Kadiri msanii alivyoonekana kukata mengi, ndivyo kazi ilivyohesabika kuwa yake. Clooney alikuwa na umuhimu katika hoja hiyo kwa sababu ya kiti alichokalia, si kwa sababu ya safari aliyotoka.